Kucheza kwa Masikio: Mwongozo Kamili wa Michezo ya Sauti kwa Wasioona na Wenye Uoni Hafifu

Mtu asiyeona anapofungua mchezo wa sauti kwa mara ya kwanza na kushindwa ndani ya dakika tano, aghalabu huamua kwamba masikio yake ni mazito, au kwamba michezo hiyo ilitengenezewa watu wenye vifaa vya gharama. Katika miaka ambayo nimewakalisha wenzangu mbele ya kompyuta na kuwavalisha hedifoni, nimeona kwamba kinachowashinda mwanzoni si mchezo wenyewe bali ni mpangilio mmoja au miwili iliyojificha: sauti ya pande mbili imeunganishwa ikawa moja, hedifoni zinachelewesha mlio, au kisoma skrini, ile programu inayotamka yaliyo kwenye skrini, kinanyang'anya vitufe ambavyo mchezo unavihitaji. Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzi na orodha ya michezo. Unaanza na vifaa, unapita kwenye kisoma skrini, na baada ya hapo tu ndipo tunaingia mchezoni.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Ipo michezo ya sauti tupu, ambayo skrini yake ama ni giza ama haina la kukuambia, na kila kitu kinafahamika kwa kusikia. Ipo michezo ya maandishi na zamu, kama karata na sataranji, ambayo kisoma skrini hukusomea. Na ipo michezo mikubwa ya picha ambayo miaka ya karibuni imeongezewa sauti za kumwongoza asiyeona. Ya kwanza si ngeni kama inavyodhaniwa, kwani tangu mwaka 1997 Mjapani Kenji Eno alikwisha kutoa Real Sound: Kaze no Regret kwa mashine ya Sega Saturn, mchezo usio na picha, alioutengeneza akiwafikiria wachezaji wasioona. Jipya la leo ni kwamba michezo ya aina zote tatu inaweza kupatikana na mtu mwenye simu janja ya kawaida au kompyuta mpakato iliyotumika.

Hatua ya kwanza: hedifoni

Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, tofauti ambayo hata ikiwa kubwa kabisa haizidi sana sehemu saba za elfu kumi za sekunde, na hufika ikiwa na nguvu zaidi kwa sababu kichwa kimeikinga upande wa pili. Mikunjo ya sikio la nje nayo huibadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, iwe mbele, nyuma, juu au chini. Watengenezaji wa michezo hii hurekodi au hukokotoa tofauti hizo na kulipelekea kila sikio fungu lake. Spika ya simu hutoa mafungu yote mahali pamoja, na hapo mchezo umekwisha kabla haujaanza. Kwa hiyo hedifoni si nyongeza ya anasa. Ndizo macho ya mchezo.

Chagua za waya. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, na ucheleweshaji huo huweza kufika moja ya tano ya sekunde, muda unaotosha gari la mchezoni kukugonga kabla hujasikia honi yake. Tena, kwenye kompyuta, maikrofoni ya hedifoni za Bluetooth ikiwashwa kwa mazungumzo, hedifoni nyingi huacha sauti ya pande mbili na kurudi kwenye sauti duni ya simu. Mchezaji hulalamika kwamba mchezo umeharibika, kumbe ni maikrofoni. Zile hedifoni zinazokaa kwenye mfupa wa shavu, ambazo wengi wetu tunazipenda barabarani kwa kuwa zinaacha masikio wazi, hazifai hapa, kwa sababu hulikwepa sikio la nje na kuchanganya mbele na nyuma. Za waya za bei ya chini zinatosha kabisa, mradi pande zote mbili ziwe hai.

Kisha kagua mipangilio mitatu. Kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, ingia Ufikivu, tafuta sehemu ya sauti, na uhakikishe kwamba sauti ya mono, yaani ile inayounganisha pande mbili kuwa moja, imezimwa; hapo hapo hakikisha kitelezi cha mizani ya kushoto na kulia kiko katikati. Kwenye iPhone mipangilio hiyo hiyo iko ndani ya Ufikivu, upande wa sauti. Kwenye Windows 11, fungua Mipangilio, Ufikivu, Sauti, uzime mono. Cha tatu, cha kompyuta, ni kipengele kinachojidai kutengeneza sauti ya anga kwa hedifoni: kizime, kwa kuwa mchezo wa sauti tayari umeshafanya kazi hiyo, na kazi ikifanywa mara mbili sauti hutawanyika kama inatoka ndani ya pipa.

Mwisho, jaribu pande. Michezo mingi huanza kwa sauti inayosema kushoto na kulia, usiiruke. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alihangaika wiki nzima akigonga ukuta ule ule, akashuka moyo kabisa, mpaka nilipochukua hedifoni zake alizonunua kando ya barabara na kugundua kwamba nundu ndogo ya kuonyesha upande wa kushoto ilikuwa imewekwa upande wa kulia kiwandani. Alizigeuza tu, na siku ile ile akavuka.

Hatua ya pili: kisoma skrini kisigombanie vitufe

Hapa ndipo palipo na vurugu nyingi, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu maelezo yanayokuja na michezo hupita juu juu.

Michezo husema kwa njia mbili. Mingine imerekodiwa sauti za waigizaji, hata menyu zake, na haihitaji kisoma skrini hata kidogo. Mingine hupeleka maandishi kwa kisoma skrini ili kiyatamke. Kabla ya kugusa chochote, fahamu mchezo wako uko kundi gani, maana dawa ya kundi moja ni sumu ya lingine.

Tuanze na kompyuta yenye Windows, na tuchukulie kwamba unatumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, ambacho ndicho wengi wetu tunakitegemea. Kitufe cha NVDA ni Insert, au Caps Lock ukikichagua. Mchezo ukiwa na sauti zake wenyewe, NVDA itaendelea kutangaza mambo yasiyohitajika na wakati mwingine kuchukua vitufe. Ingia ndani ya mchezo, kisha bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Shift na S, au Z badala ya S kama umechagua mpangilio wa kibodi ya kompyuta mpakato. Hiyo ni hali ya usingizi: NVDA hunyamaza ndani ya programu hiyo moja tu, na ukitoka kwenda dirisha lingine inaamka yenyewe. Lakini mchezo ukiwa unaitegemea NVDA kusema, fanya hivyo kwa tahadhari, kwa kuwa NVDA iliyolala huacha kusoma yenyewe yaliyo kwenye dirisha la mchezo, na unaweza kubaki kwenye kimya ukidhani mchezo umeganda.

Pili, kuna tabia ya NVDA kupunguza sauti za programu nyingine kila inaposema. Unaposoma barua pepe huku redio ikicheza, tabia hiyo ni ya heshima. Ndani ya mchezo ni maafa, kwa sababu NVDA ikitamka “umebakiwa na mishale miwili,” nyayo za adui anayekunyemelea hufifia papo hapo. Bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Shift na D, na urudie mpaka usikie kwamba upunguzaji umezimwa. TalkBack, kisoma skrini cha Android, na VoiceOver, cha iPhone, zina mpangilio wa aina hiyo pia ndani ya mipangilio yao ya sauti.

Tatu ni lugha. Michezo hii kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na mtu aliyeweka sauti ya Kiswahili hukutana na kichekesho: sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi inayokuja ndani ya NVDA, husoma neno la Kiingereza “take” kama kipande cha “atake”, na sentensi nzima hugeuka lugha isiyo ya mtu. Usibadilishe sauti kwa mkono kila mara. Fungua mchezo, bonyeza kitufe cha NVDA pamoja na Control na P, tengeneza wasifu mpya wa mipangilio, na uchague kwamba wasifu huo utumike kwa programu iliyo mbele yako. Kisha, wasifu ukiwa hai, weka sauti ya Kiingereza na kasi unayoimudu. Kuanzia hapo NVDA itazungumza Kiingereza ndani ya mchezo na kurudi kwenye Kiswahili mara utokapo.

Kwenye simu, tatizo ni vidole. TalkBack ikiwa imewashwa, kutelezesha kidole kimoja humaanisha kusogea kipengele kinachofuata, kwa hiyo mchezo unaotaka utelezeshe kidole ili upige upanga haupati chochote. Weka njia ya mkato ya vitufe vya sauti mapema: ukivishikilia vyote viwili kwa takriban sekunde tatu, TalkBack huzimika, na ukirudia huwaka. Kwenye iPhone njia ya mkato ya ufikivu ni kubonyeza kitufe cha pembeni, au cha nyumbani kwenye simu za zamani, mara tatu. Fanya mazoezi ya kuzima na kuwasha ukiwa nje ya mchezo, mara tano au sita, mpaka vidole vizoee. Hakuna jambo linalotia hofu kama kuwa ndani ya mchezo, kisoma skrini kimezimwa, simu inaita, na hujui njia ya kurudi.

Hatua ya tatu: mchezo wa kwanza na mazoezi ya sikio

Kwa anayeanza ninapendekeza Blind Drive, mchezo wa mwaka 2021 ambao mhusika wake amefungwa kitambaa machoni, amefungwa pingu kwenye usukani, na analazimishwa kuendesha gari upande usio wake. Unatumia vitufe viwili tu, kushoto na kulia. Gari likija kulia, kwepa kushoto, basi. Una vichekesho vya kikatili kidogo, na si wa watoto, lakini hakuna mchezo unaofundisha upesi hivyo kuamini sikio. Pia ni kipimo kizuri cha vifaa: ukigongwa kila mara ilhali una hakika umebonyeza upande sahihi, rudi kwenye hedifoni.

Wa pili ni A Blind Legend, uliotolewa mwaka 2015 na Dowino, kampuni ya Lyon, Ufaransa. Wewe ni Edward Blake, shujaa asiyeona, na binti yako Louise anakuongoza kwa sauti yake. Kwenye simu unapakuliwa bure, ila uhai wako una idadi, na ukiisha inabidi usubiri ujae. Pakua mahali penye Wi-Fi, kwa sababu michezo yenye sauti za waigizaji huwa mizito na bando la siku halitoshi.

Utakapoingia, usikimbilie kutembea. Simama. Sikiliza kwa dakika nzima, ukijiuliza sauti gani inabaki mahali pamoja na ipi inahama. Maji yanayotiririka, moto, kengele ya farasi aliyefungwa: hizo zisizohama ndizo nguzo zako, na mchezaji mzuri husafiri kutoka nguzo hadi nguzo. Kushoto na kulia hakuna anayevikosa kwa muda mrefu. Kinachowapotosha watu ni mbele na nyuma, kwa sababu sauti iliyo mbele yako kabisa na ile iliyo nyuma yako kabisa hulifikia kila sikio kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Dawa yake ni hii: mgeuze mhusika kidogo upande wa kulia. Sauti ikihamia sikio la kushoto, ilikuwa mbele yako. Ikihamia sikio la kulia, ilikuwa nyuma. Ndivyo tunavyofanya barabarani bila kufikiri, tunapogeuza kichwa kidogo kumtafuta anayetuita. Mchezoni kichwa chako hakihesabiki, kwa hiyo kazi hiyo uipe vitufe.

Cheza nusu saa, kisha acha. Sikio lililochoka husikia kila kitu katikati.

Michezo ya zamu

Si kila mtu anataka kukimbizwa na magari. Kwa anayependa kufikiri taratibu, au mwenye bando dogo, michezo ya maandishi ndiyo yenye faida zaidi. Playroom ya QuentinC ni ya bure na ina meza za karata na michezo mingine mingi, ambapo unafungua akaunti, unaingia kwenye meza, na kisoma skrini kinakusomea kila hatua ya wenzako. Humo utakutana na wasioona wa nchi nyingi. Lichess, tovuti ya bure ya sataranji, ina hali maalumu kwa wasioona: kiungo cha kuiwasha kimewekwa kwa ajili ya visoma skrini mwanzoni mwa ukurasa, na baada ya hapo unaandika hatua yako kwa herufi na namba, kwa mfano e4, badala ya kuburuta kete kwa kipanya.

Waliolelewa pwani wakicheza bao kwa kupapasa hawatapata shida hapa. Anayeweza kubeba kichwani hali ya mashimo 32 na kete 64 ataona kwamba uwanja wa sataranji wenye nyumba 64 ni kazi ya aina ile ile, isipokuwa mkono haupapasi kitu.

Hatua ya nne: mchezo kamili wa sauti

Ukishaamini masikio yako, nenda kwenye The Vale: Shadow of the Crown, uliotolewa mwaka 2021 na Falling Squirrel ya Kanada kwa kompyuta na mashine ya michezo ya Xbox. Mhusika ni Alex, binti wa kifalme aliyezaliwa haoni, anayelazimika kusafiri kurudi kwao kupitia nchi iliyovamiwa. Skrini haionyeshi zaidi ya chembechembe za rangi zinazoelea, kwa hiyo anayeona hakuzidi kitu, na nimeona ndugu wawili, mmoja anaona na mwingine haoni, wakipokezana wakiwa sawa kabisa.

Pigano lake linafaa kuelezwa kwa karibu. Adui hukujia kutoka kushoto, mbele au kulia. Unamsikia akivuta pumzi, vyuma vya nguo yake vikigongana, kisha kuna mlio mfupi anapoinua silaha. Hapo ndipo unapoelekeza ngao upande ule ule, wala si kabla. Ukikinga sawasawa, anapoteza nafasi yake kwa muda mfupi, na huo ndio wakati wa kupiga. Kosa la wanaoanza ni kupiga mfululizo bila kusikiliza, kama mtu anayefukuza nzi. Kelele za upanga wao wenyewe huzima mlio waliokuwa wakiungoja. Maadui wakiwa wawili, mtaje kila mmoja moyoni kwa upande wake, “huyu kushoto, huyu kulia,” na usimshughulikie wa pili mpaka umekinga pigo la wa kwanza. Unachezeka kwa kibodi, lakini kidhibiti chenye vijiti viwili huufanya mwili uelewe mapema zaidi.

Michezo mikubwa ya picha

Hii nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa inahitaji mashine za gharama. The Last of Us Part II, wa mwaka 2020, ulikuja na mipangilio zaidi ya 60 ya ufikivu, ikiwemo kusomewa menyu na kuelekezwa njia kwa sauti. Street Fighter 6, wa mwaka 2023, hukuwezesha kusikia umbali kati yako na mpinzani na aina ya pigo lililotua. Mwaka huo huo Forza Motorsport ulileta sauti za kumwongoza dereva asiyeona kwenye kona, kazi iliyosaidiwa na mshauri asiyeona, Brandon Cole. Katika michezo hii ingia kwanza kwenye orodha ya sauti za ishara, kama ipo, usikilize kila moja na kuikariri kabla ya kuanza. Wanaoruka hatua hiyo huishia kuzungukwa na milio ishirini wasioijua hata mmoja.

Kabla ya kulipa

Maneno “unafikika” kwenye tangazo hayatoshi. Tafuta rekodi ya mchezaji asiyeona akiucheza tangu mwanzo, usikilize kama menyu zinasema, kwa kuwa mchezo wenye mapigano mazuri lakini menyu bubu utakuacha mlangoni. Ukinunua kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni, unaruhusiwa kuomba kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Zitumie saa hizo kwa utaratibu: anza na menyu, kisha mipangilio ya sauti, kisha kuhifadhi mchezo na kuufungua tena, na pigano la kwanza liwe la mwisho. Asiye na kadi ya benki aliyeko Kenya anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay, iliyoanzishwa mwaka 2022. Popote ulipo, usimpe namba za kadi mtu anayejitolea “kukusaidia kusoma skrini”. Kisoma skrini kinaweza kukusomea ukurasa wa malipo, na kama hakiwezi, hiyo ni sababu ya kutonunua hapo.

Kuhusu kiwango cha sauti

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za kusikiliza kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75. Wachezaji hupandisha sauti wanapokosa kusikia nyayo za mbali, lakini kinachozifunika nyayo huwa ni muziki wa mchezo. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo, shusha muziki hadi robo au uuzime kabisa, acha milio ya matukio ijae, kisha punguza sauti ya jumla. Utasikia zaidi kwa sauti ndogo. Ukivua hedifoni na kusikia mvumo masikioni, umezidisha. Usirudi mchezoni siku hiyo, na siku inayofuata anza chini zaidi ya hapo ulipoachia.